Kilio Nilichorudi Nacho Temeke

Mie sikusoma. Nasema mapema ili msinitafutie makosa ya nukta na mkato. Nilikaa darasani mpaka nikajua kuandika jina langu na kusoma kibao cha duka, kisha baba akasema inatosha, mpunga wa Chanika hauvunwi kwa kalamu. Lakini nyumba hii ya vyumba sita na ukumbi katikati, hapa Temeke, niliijenga mie, mwanamke, kwa vitumbua na kwa kubeba watoto wa watu. Wasomi wamepanga humu wengi tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipangisha mie kwake.

Watu wakisikia nilifika Ulaya enzi za Mwingereza, huniuliza habari za theluji. Theluji niliiona. Ni baridi, na ikikanyagwa inakuwa tope kama la hapa. Nitakalolisema ni jingine, nalo silisemi ili mnisifu.

Nilikuwa yaya kwa bwana mmoja wa Kurasini, mambo ya bandari. Vita vya pili vilikuwa vimekwisha. Memsabu alishika mimba, miguu ikamvimba, ikaamuliwa aende kujifungulia kwa mama yake Ulaya, na mie nifuatane naye nimshike mtoto wa kwanza. Habari ilipofika uswahilini wanawake wa mtaa walikuja kuniaga kana kwamba nakwenda kuzikwa. Mmoja akanitania, "Ukirudi utakula ugali kwa uma." Nikamjibu, "Nitakula kwa mkono uleule, ila utakuwa unanukia sabuni." Wakacheka, wakanifunga hirizi mbili, wakalia kidogo, wakaenda zao.

Mjue tulivyokuwa tukiamini sie. Mzungu kwetu alikuwa mmoja tu. Ana kofia, ana gari, ana boi. Mzungu hazaliwi maskini, kama vile tembo hazaliwi mdogo kuliko mbuzi. Ningeapa hivyo mbele ya shehe.

Nyumba ya mama yake memsabu ilikuwa kubwa mno kuliko watu waliokuwamo. Kulikuwa na vyumba visivyolaliwa, na humo ndani moto wa makaa ya mawe unawashwa asubuhi, unachochewa mchana, ili akitokea mtu kuingia asisikie baridi. Hatokei. Moto unajiota peke yake. Asubuhi ya kwanza nashuka na mtoto mkononi, nikamkuta mwanamke wa Kizungu kapiga magoti kwenye ngazi, ndoo ubavuni, brashi mkononi, anasugua. Mikono myekundu kama nyama. Nikasimama kumkodolea macho. Nilidhani kaangusha pete anaitafuta.

Akainua uso akasema, "Umepotea, mpenzi?"

Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni lakini neno lile nalijua. Nikarudi nyuma ngazi mbili. Baadaye nikajua kila mtu kwake alikuwa mpenzi, hata muuza maziwa, hata paka.

Mahali pa kulala palileta maneno. Juu sikutakiwa. Chini kulikuwa na chumba cha mpishi, naye mpishi, Mzungu vilevile, akasema hawezi kulala chumba kimoja na mie. Nikasema moyoni, na nani kakwambia nataka kulala na wewe unayenuka vitunguu? Ndipo yule mama wa kusugua akasema kwake kuna kitanda. Basi nikawa mchana nashinda nyumba kubwa na mtoto wa memsabu, jioni tunaongozana kwenda kwake, yeye na ndoo yake, mie na hirizi zangu.

Mtaa wenyewe nyumba zilishikana mgongo na mbavu, nyembamba, nyeusi kwa moshi. Choo kilikuwa nje! Kimoja, kwa nyumba mbili. Nilipokiona nilicheka mpaka mama yule akaniuliza kulikoni. Ningemwelezaje? Kwamba nimesafiri baharini mpaka nikasahau sura ya nchi kavu, nikaja kuonyeshwa choo cha Temeke?

Mumewe alikwisha kufa vitani. Alibaki na binti mmoja, mtoto wa kutosha kuota meno ya pili. Nilipewa kitanda kimoja na yule mtoto. Alikuwa na kifua. Ukuta wa chumba ulitoka jasho, ukiweka kiganja unakiondoa kimelowa, na makaa ya moto hayakuwa ya kuchezea. Walikoka jikoni tu, jioni tu. Mtoto akikohoa kitanda kizima kinatikisika. Akimaliza kukohoa ananishika kiganja anakigeuza, juu cheusi, ndani cheupe, anacheka, anakohoa tena. Nilimfundisha kusema "lala." Akawa ananiambia mie nilale, nami mkubwa.

Lakini sikilizeni nililoliona mtaani pale. Maji ya kufulia walichemsha kwa zamu, nyumba moja inawasha, majirani watatu wanafua. Mwenye mgonjwa hapiki. Sufuria inakuja imefunikwa na taulo. Kulikuwa na bibi mmoja aliyewapokea watoto wote wa mtaa ule wakizaliwa, na bibi huyohuyo ndiye aliyewaosha maiti wote. Na kulikuwa na shuka. Jeupe, limepigwa pasi, limekunjwa ndani ya karatasi, linakaa kwa yule bibi. La mtaa mzima. Halilaliwi na mzima hata siku moja. Mtu akifa analazwa juu yake mpaka achukuliwe, kisha linafuliwa, linarudi kwenye karatasi. Niliposikia hivyo nikasema, kumbe! Chama cha kufa na kuzikana! Hawa ni sie. Wamepakwa chokaa tu.

Baridi ikazidi. Mama yule akaomba kwa wenye nyumba kubwa amlete binti yake awe anakaa jikoni kwenye moto wakati yeye anasugua. Hakuomba chumba. Jikoni, kwenye kigoda. Mama yake memsabu akakataa kwa upole sana, kwamba kuna mtoto mchanga atazaliwa nyumbani, na kikohozi kinaambukiza. Mie nilikuwa nimesimama pale na mtoto wa memsabu kiunoni. Juu yetu, vyumba vinaota moto vyenyewe.

Mtoto akafa asubuhi, ukungu umeganda dirishani. Alikohoa, akanyamaza, tukadhani amepata usingizi. Mama yake alipomgusa akajua. Akasimama tu, mikono yake ile myekundu imeshika aproni.

Sasa nyie mnajua mwanamke wa kwetu akiona maiti anafanya nini. Hafikiri. Mdomo wenyewe unafunguka. Nilivuta pumzi nikafungua mdomo kupiga ukunga, na sauti ilikuwa imefika hapa, kooni, mama yule akaruka akaniziba kinywa kwa kiganja. Kilinuka sabuni ya magadi.

"Si hapa, mpenzi," akasema. "Majirani watasikia."

Nilimtazama juu ya kiganja chake. Majirani watasikia! Kwetu si ndicho kinachotakiwa? Unapiga ukunga ili wasikie, waache vyungu motoni, waje wakikimbia wakijifunga kanga, wakushike usianguke. Kilio cha mtu mmoja hakifai kitu. Kule majirani walijua bila kuitwa. Bibi alikuja na shuka lake. Sufuria zilikuja. Mtu alipita na bakuli nyumba hadi nyumba kwa ajili ya maua. Siku ya kuzika, mtaa mzima kila dirisha liliteremshwa pazia, kila mlango, kana kwamba mtaa umefumba macho, na wanaume wakavua kofia kwenye baridi ile ya kukata masikio. Kila kitu walikifanya, na walikifanya pamoja, kwa heshima ambayo sijaiona mpaka leo. Ila kulia. Nilingoja nani ataanza. Hakuanza mtu.

Siku ya pili yake mama yule alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi zilezile. Memsabu alimpa pole, kisha tulipobaki wawili akaniambia, "Maskini. Lakini watu hawa wanazaa sana." Nikasimama na leso ya mtoto mkononi. Neno lile nalijua. Nililisikia Kurasini, mezani, nikipakua supu, wakitusema sie. Neno lilelile, halikubadilishwa hata nguo.

Mtoto mchanga wa memsabu akazaliwa salama, na majira yalipogeuka tukarudi. Nikarudi na koti, sanduku la bati, na sauti ile iliyozibwa kooni.

Mwanzoni nilikuwa sawa. Niliacha kazi ya yaya, nikaweka chuma cha vitumbua, nikaanza msingi wa nyumba hii. Watu wakija kuuliza habari nikiwaambia nimemwona Mzungu anasugua sakafu ya Mzungu mwenziwe, wanaguna. "Ulaya gani hiyo uliyokwenda wewe? Meli si ilikushusha Tanga?" Nikiwaambia choo cha nje, kimoja nyumba mbili, wanashikana mikono kwa kucheka. Nikaacha kusema.

Kisha siku moja, alasiri, jua linawaka mpaka kuku wamelala kivulini, nikasikia kikohozi uani. Kilitoka kwenye pipa la maji. Cha mtoto. Kikavu, mara mbili, kisha cha tatu kirefu kinachotikisa kitanda. Nikatoka. Pipa, ufagio, kuku. Nikarudi jikoni, kikaja tena.

Kikawa kinakuja kila jua likiwa kali. Ingekuwa ni usiku ningesema ni ndoto, au popo. Lakini mchana kweupe, na mikono yangu ina unga wa mchele! Vitumbua viliungua. Nikikaa na wateja nakatiza maneno nageuka. Nilikonda, mpaka mkanda wa kanga ukazunguka mara mbili. Nilijua ni nani na nilijua anataka nini. Hakuliliwa. Kwetu asiyeliliwa hana pa kwenda, anabaki mlangoni kwa yule aliyekuwa na kilio chake akakimeza. Na mie peke yangu siwezi kumkalia tanga. Tanga la mtu mmoja ni kujilaza tu.

Nikaenda kwa mkuu wa chama chetu cha kuzikana. Alikuwa mwanamke wa kusini, mwenye chale usoni, muuza samaki wa kukaanga, mkubwa wangu kwa umri. Mtaa wote ulimwogopa, na hakuna maiti aliyeoshwa pasipo neno lake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda. Nani kakuloga?"

Nikamweleza kikohozi. Nikamweleza kwamba ni mtoto wa Kizungu. Hapohapo akapiga paja. "Basi tumekwisha jua! Una pepo wa Kizungu. Umemchukua hukohuko kwao. Atapigiwa ngoma yake, atakula anachokula, atatulia."

"Si pepo, dada. Ni mtoto kafa. Nataka mnisaidie kumlilia."

"Mgonjwa hajitibu," akasema, akageuza samaki wake.

Chama kilijitahidi, siwezi kuwasingizia. Walikuja uani kwangu baada ya sala ya adhuhuri, wakaweka kiti na meza, maana pepo wa Kizungu haketi mkekani. Wakatandika kitambaa cheupe. Kila aliyekuwa na kitu cha Kizungu alikileta: kikombe chenye mpini, kopo la biskuti, kijiko kilichotoka kwa bwana wake bila kuaga. Wakaniketisha kwenye kiti kile, wakanifunika shuka, udi ukafuka, ngoma ikapigwa. Fundi aliyeitwa kuja kumsemesha pepo akapiga magoti mbele yangu. Mbele yangu mie, muuza vitumbua!

"Karibu bwana mkubwa," akasema kwa sauti ya kubembeleza. "Tumekukosea nini, bwana mkubwa? Sema. Unataka soda? Unataka sigara? Unataka tufagie? Tutafagia."

Wanawake wote nyuma yake wameinamisha vichwa. Ngoma ikanyamaza kungoja amri. Na katika kimya kile, kwenye pipa la maji, mtoto akakohoa.

Sijui nani alisikia. Najua mkuu wa chama aligeuza shingo.

Nikavua shuka. "Inukeni," nikasema. "Hakuna bwana mkubwa hapa. Huyu ni mtoto wa kike, hana meno mawili ya mbele, mama yake anasugua ngazi za watu. Alinyimwa kigoda karibu na moto. Kafa, na hakuna aliyemlilia."

Mmoja akacheka, "Ngazi za nani? Za Wahindi?"

"Za Wazungu wenziwe."

"Anaweweseka," akasema mwingine. "Piga ngoma."

Nikashuka kwenye kile kiti nikaketi chini. "Ngoma imetosha. Tandikeni mikeka, tukae tanga. Siku moja tu. Siombi kingine."

Kisha wote wakasema kwa pamoja. Tumlilie Mzungu? Sie? Nani wao aliyepata kuja kwenye msiba wetu, hata kusimama barabarani? Haramu hiyo. Aibu hiyo. Watoto wetu wangapi tumezika, wao wanapita na gari wanatutimulia vumbi?

Nami nikapandwa na hasira. "Kwa pepo wa bwana mmeleta mpaka biskuti! Mmepiga magoti! Kumwogopa Mzungu mko radhi, kumlilia hapana. Basi mngojee mwenye kofia aje, mumfagilie!"

Mkuu wa chama akasimama. Hakupaza sauti.

"Wewe bibie wa Ulaya," akasema, "kaa usikie. Mie na mie nilikuwa yaya. Walipokimbia joto kwenda Lushoto walinichukua. Mwanangu wa kiume nilimwacha hapa kwa dada yangu. Likaja neno kwamba anaumwa. Nikaomba ruhusa. Memsabu akasema, subiri mpaka huyu wa kwangu apone surua, amekuzoea. Nikasubiri, nimembeba wa kwake mgongoni, namwimbia alale. Niliporudi, tanga lilikwisha anuliwa. Mikeka imekunjwa. Watu wamekwenda mashambani. Utaanzaje kulia kwenye nyumba iliyokwisha fagiliwa? Nikaingia jikoni nikawasha moto nikapika. Sikulia mpaka leo. Sasa unaniambia nitoe chozi nimpe wao. Chozi lipi? Walilichukua hukohuko Lushoto."

Nilisema tu, "Dada, hata yule mama aliambiwa asubiri."

Akanitazama, chale za mashavuni zikawa kama zinasogea. Fundi alikwisha kuanza kufunga ngoma zake. Mkuu wa chama akaivuta kanga ya kichwani, akajifunga kiunoni kwa nguvu, kama tunavyojifunga msibani. Akasema, "Mie namlilia wangu. Huyo wako akitaka kukaa pembeni asikilize, hiyo shauri yake."

Akaketi chini kwenye mchanga, si mkekani, akafungua mdomo.

Nimezaa, nimezika, nimeishi miaka mingi. Ukunga kama ule sijausikia tena. Wanawake waliokuwa wakisema haramu walitupa vikombe wakamkimbilia kumshika. Na mie kikatoka. Kile kilichozibwa kwa kiganja cha sabuni kikatoka chote, mpaka koo likachubuka. Kila mmoja pale alikuwa na wake. Hatukuulizana nani analia nani. Watu wa mtaa wa pili walikuja mbio wakijifunga kanga, wakaketi wakalia nao, bila kujua. Biskuti zikaliwa na kuku.

Shehe akaja na fimbo yake, amekasirika, maana kila Ijumaa alitukataza kulia kwa makelele, nasi kila Ijumaa tulimwitikia. "Nani amefariki?" akauliza. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Wa zamani, shehe." Akasimama kidogo, akatazama ile meza yenye kitambaa cheupe, akasoma fatiha, akaondoka.

Tangu siku ile uani kwangu kukanyamaza. Alasiri ya kwanza nilikaa karibu na pipa mpaka jua likashuka. Kuku tu. Nikalala. Nikaanza kunenepa.

Haukupita muda, mkuu wa chama akapita na sinia lake la samaki kichwani. Nikamwamkia, akaitikia, akatua sinia barazani. Akaketi akijipepea kwa upindo wa kanga.

"Mwenzangu," akasema, "mtoto wako yuko kwangu."

Nikajua hapohapo. "Tangu lini, dada?"

"Tangu siku ile. Anakaa mlangoni, pale ninapokaangia. Jua likiwa kali anakohoa."

"Nimwite fundi?"

"Wa nini? Ampigie magoti tena?" Akacheka kidogo, cheko bila meno. "Kukohoa hakunisumbui. Moto wangu unawaka mchana kutwa, akitaka kuota na aote. Linalonisumbua ni kwamba kila akikohoa nageuka upesi, nikidhani ni wangu. Na wangu hajawahi kuja. Hata mara moja. Nimemlilia mpaka nikaharibika sauti, na bado aliyekuja ni wa kwao."

Nikamuuliza, "Basi tufanyeje, dada?"

"Hakuna. Nipe maji ninywe."

Nikamchotea kata, akanywa yote. Akajitwisha sinia, akalisawazisha, akashika njia ya Kurasini akinadi samaki wake kwa ile sauti iliyobaki.